Nozo 52, na ninazotumia ni tano

Juu ya kabati langu la jikoni kuna boksi la plastiki lenye nozo 52 za kupambia keki, vile vibomba vya kukamulia krimu. Ndani yake kuna sponji nyeupe iliyotobolewa, kila nozo na tundu lake, kila tundu na namba yake. Nililinunua Kariakoo miaka minne iliyopita. Ninazozitumia ni tano: nyota, nyota iliyofumba, kile kitundu chembamba cha kuandikia majina, jani na waridi. Hizo 47 zilizobaki bado zinang'aa kama siku zilipotoka kiwandani.

Mwingine angesema ameingizwa mjini na yakaisha. Mimi siwezi kujitetea hivyo, maana kazi yangu ni kuwashauri wenye maduka namna ya kupanga bidhaa zao. Boksi lile nilijua lilivyotegwa. Lilikuwa usawa wa macho, mkono wa kulia ukiingia, kifuniko wazi, na nozo moja imetolewa kwenye tundu lake ikalazwa pembeni. Nilijua kwa nini imelazwa pale. Nikaiokota. Nikairudisha mahali pake, ikaingia taratibu kama jino kwenye ufizi. Nikalipa.

Nitazungumzia maduka ya vifaa vya keki kwa sababu ndiyo niyajuayo nje ndani, upande wa kaunta na upande wa mfuko. Ila ukiwa mtu wa kufuma, kuchora, kuvua samaki au kufuga samaki wa mapambo, badilisha tu jina la bidhaa.

Duka la aina hii lina shida ambayo duka la mangi halina. Sukari inaisha, sabuni inaisha, mteja atarudi tu hata kama hakupendi. Nozo haiishi. Mkebe wa rangi ya keki unakaa mpaka kifuniko kinagoma kufunguka. Ungekuwa unanunua unachohitaji tu, duka lingefunga baada ya miezi sita.

Sasa waangalie wateja wake wawili. Wa kwanza anapokea oda. Ana hesabu kichwani: unga, trei ya mayai, siagi, gesi, boksi, bodaboda wa kupeleka. Ukimwonyesha nozo mpya atakuuliza ni mteja gani wake ataiona tofauti na akubali kuongeza hela. Kwa huyo muuzaji hapotezi pumzi. Wa pili anaoka kwa mapenzi. Huyu haulizi atakitumia mara ngapi. Akiishika ile nozo tayari anajiona Jumamosi jioni, watoto wamelala, umeme haujakatika, keki ya ghorofa tatu iko mezani na yeye anazungusha waridi la mwisho. Anachonunua ni hiyo jioni. Nozo ni risiti yake.

Ukilielewa hilo, karibu kila kitu dukani kinajieleza chenyewe.

Tazama keki ya dirishani. Siyo keki. Ni foma nyeupe, ile wanayofungia televisheni, imekatwa duara na kupakwa krimu ngumu na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Foma hailali upande, haitoi jasho, haijui joto la Dar la mwezi wa pili. Chini yake, mkono unapofika bila kunyooka, vinapangwa vipande vyote vilivyoitengeneza: nozo, mfuko wa kupambia, kisu cha kulainishia krimu, meza ya kuzungushia, lulu za sukari, kibao cha dhahabu. Mimi huwaambia wateja wangu waviweke kwa mpangilio wa kazi, wasivipange kwa ukubwa wala kwa bei. Kitu kinazaa kitu: ukishachukua nozo utakumbuka mfuko, ukichukua mfuko utaona kiunganishi, na ukifika kwenye meza ya kuzungushia utajiuliza miaka yote hii ulikuwa unapamba vipi ukiizunguka keki mwenyewe kama unatufu.

Hapo kuna hadithi ambayo watu wa masoko wanaipenda mno. Wanasema kwamba unga wa keki wa boksi, ule wa Marekani, ulikuwa haununuliki kwa sababu ulikuwa rahisi kupita kiasi, unaongeza maji basi. Mwanasaikolojia Ernest Dichter akashauri mayai ya unga yatolewe ili mama avunje mayai yake, ajione kapika, na mauzo yakapaa. Nimeisikia kwenye semina hata sikumbuki ngapi. Haiko hivyo. Kampuni ya P. Duff and Sons ya Pittsburgh ilipata hataza ya unga wa kuongezewa mayai mabichi mwaka 1935, wakati Dichter alihamia Marekani mwaka 1938. Tena mayai mabichi yanatoa keki nzuri zaidi, na hilo mama yeyote angewaambia bure.

Lakini hadithi imedumu kwa sababu imegusa jambo la kweli. Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely walichapisha mwaka 2012 utafiti kuhusu vitu ambavyo mtu amejitengenezea. Mojawapo ya majaribio yao lilikuwa la kukunja karatasi kuwa maumbo ya Kijapani. Waliokunja wenyewe, wanagenzi watupu, walithamini vikaratasi vyao karibu sawa na kazi ya mabingwa, ilhali watu wa pembeni waliviona takataka. Kwa hiyo duka linalojua kazi yake halikuuzii kitu kilichokamilika. Linakuachia kipande cha kumalizia, na ukishakimalizia huwezi tena kusema pesa ilipotea.

Kuhusu kugusa, Kariakoo ilichelewa. Maduka mengi bado yana kaunta: unataja, unaletewa, unatazama huku kijana anakungoja. Maduka ya keki yalikuwa miongoni mwa yale niliyofanya nayo kazi ambayo yalikubali mapema kuondoa kaunta na kumpa mteja kikapu. Wenye maduka waliogopa wizi, na wizi upo. Ila Joann Peck na Suzanne Shu walionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akikigusa tu kitu anaanza kukihisi ni chake, na kukipandishia thamani. Hata kumwambia afikirie tu anakigusa kulisaidia. Ndiyo maana zile video fupi za mtandaoni haziishi: mkono usio na uso, kucha safi, unakamua krimu polepole, hakuna anayesema neno. Mkono ule umeachwa bila mwenyewe ili uwe wako.

Halafu bei. Wauzaji wa mtandaoni wameleta mtindo wa "bei njoo inboksi", na watu wanautukana kila siku chini ya picha, lakini wanakwenda. Ukishauliza umeshajitambulisha kuwa mnunuzi. Umepiga hodi, umeitwa "dada yangu mpendwa", umetumiwa picha sita ambazo hukuziomba. Kuondoka bila kununua sasa kunahitaji sababu, na sababu nzuri huna.

Dukani bei inaanza juu. Boksi langu lilianza 60,000. Nilitoka na 35,000 na furaha ya kumshinda yule kijana. Mwaka 1974 Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio linalotuhusu kwa namna ya kuchekesha: walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, likasimama kwenye 10 au kwenye 65, kisha wakauliza ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa ni nchi za Afrika. Waliopata 10 walikadiria 25. Waliopata 65 walikadiria 45. Gurudumu halijui lolote kuhusu Afrika, kama vile 60,000 ya yule kijana haikujua lolote kuhusu nozo. Mtu anayenunua unga kila wiki huwezi kumfanyia hivyo, bei anayo kichwani. Mtu wa hobi ananunua kitu mara moja katika maisha yake. Namba ya kwanza anayoisikia ndiyo anayokuwa nayo.

Na ukijifanya mjanja wa bei, kuna mtego mwingine ambao kwa maoni yangu ndio mkali kuliko yote Kariakoo: "ukichukua sita ni bei ya jumla." Vikebe sita vya rangi! Nyumbani unahitaji nyekundu na nyeusi. Unatoka na zambarau, na zambarau hiyo utakufa nayo. Nimewaona watu wazima, wahasibu, wakisimama na kikapu wakitafuta cha sita ili waokoe pesa.

Darasa la bure ndilo linalohitaji uangalifu. Sisemi ni utapeli. Mengi yanafundisha kweli, na mimi mwenyewe nilijifunzia waridi kwenye darasa la namna hiyo. Ila angalia linavyojengwa. Siku ya kwanza unapewa kadi ya hatua kumi, na mbili zimeshawekwa tiki: kujiandikisha na kufika. Joseph Nunes na Xavier Drèze walilijaribu hili kwenye sehemu ya kuoshea magari, wakachapisha mwaka 2006. Kadi moja ilikuwa na nafasi nane tupu, nyingine nafasi kumi ambazo mbili zilikwisha kupigwa mhuri. Kazi iliyobaki ni ileile, mihuri minane. Waliokamilisha ya kwanza walikuwa asilimia 19, ya pili asilimia 34. Mtu hapendi kuacha safari aliyoambiwa ameshaianza. Baada ya kadi linakuja kundi la WhatsApp, na humo ndimo kazi inapofanyika. Kila mmoja anaposti keki yake, mwalimu anasifu, kisha mtu anauliza, "Shosti, hiyo pindo umetumia nozo gani?" Jibu lina namba. Duka halijasema neno.

Kitu kimoja nilikataa kukifanya, na kikanigharimu mteja. Mwenye duka mmoja alitaka kila rafu iwe na kibandiko cha "zimebaki mbili", huku stoo makatoni yamefika darini. Kumwonyesha mtu kitu kizuri na kumdanganya ni mambo mawili, ingawa nakiri mpaka wake siwezi kuuchora kwa rula.

Wanaodhani hila hizi zinalisaidia duka siku zote waitazame Joann, kampuni ya Marekani ya vitambaa na vifaa vya kazi za mikono, iliyoanzia Ohio mwaka 1943. Wateja wao walizoea kuponi kiasi kwamba kununua bila kuponi kulionekana uzembe. Mshindani wao Hobby Lobby alikuwa na kuponi ya asilimia 40 mpaka akaifuta mwaka 2021. Ukimfundisha mteja kwamba bei iliyobandikwa ni ya wajinga, atakaa nyumbani akisubiri. Kisha ukaja mwaka 2020, watu wakafungiwa ndani, wakashona barakoa, wakafuma, wakanunua kama vile hawatatoka tena. Wakatoka. Vitambaa vilibaki kabatini na jioni zikarudi kwenye foleni za barabarani. Joann iliomba ulinzi wa mufilisi Machi 2024, ikaomba tena Januari 2025, na kufikia mwisho wa Mei mwaka huo maduka yake yote, karibu 800, yalikuwa yamefungwa. Deni lilichangia sana, na upungufu wa bidhaa pia. Lakini mimi nikiisoma habari ile naona duka lililouza jioni nyingi kuliko wateja walizokuwa nazo.

Siku hizi kabla ya kwenda Kariakoo napiga picha droo yangu ya vifaa. Inasaidia zaidi ya orodha, maana orodha nayo huandikwa na yule mtu wa Jumamosi jioni. Juzi picha hiyo iliniokoa na boksi la vikatio vya herufi. Haikuniokoa na lulu za rangi ya waridi, lakini zilikuwa za mwisho. Au ndivyo kibandiko kilivyosema.

Wiki iliyopita dada mmoja anayefungua duka la vifaa vya keki Mwenge aliniita nimpangie. Rafu zilikuwa bado zinanuka rangi, makatoni yako chini. Akafungua moja, akatoa boksi la nozo 52, lilelile langu, sponji nyeupe na namba zake.

"Hili niliweke wapi, dada?"

Nikamwonyesha: usawa wa macho, mkono wa kulia, kifuniko wazi. "Na utoe moja uilaze pembeni."

"Ipi?"

"Ya waridi."