Kwa nini London inawazuia wajenzi kuweka maegesho mengi?

Ukitaka kujenga fleti mia moja hatua chache kutoka kituo kikubwa cha treni jijini London, mpango wa jiji wa mwaka 2021 unaanzia kwenye sifuri: hakuna nafasi ya gari hata moja. Zinazoruhusiwa ni za watu wenye ulemavu tu. Angalau asilimia 3 ya nyumba ziwe na nafasi hizo tangu siku ya kwanza, na mjenzi aoneshe pa kuziongeza zikihitajika. Hata awe na pesa na kiwanja kikubwa kiasi gani, hajiamulii.

Wengi hushangaa. Jengo ni lake, wateja ni wake, na hasara ikitokea ni yake. Serikali inaingiliaje?

Kwanza, maegesho mengi tunayoyaona mijini hayakuwekwa kwa hiari. Mwaka 1923 mji wa Columbus, jimbo la Ohio nchini Marekani, ulianza kudai kila jengo la fleti liwe na sehemu ya magari ndani ya kiwanja chake. Hofu ilieleweka: wapangaji wangejaza magari barabarani na majirani wakose pa kupita. Miji mingine ikaiga, na mingine ikaiga ile iliyoiga. Donald Shoup, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia miaka mingi kuchunguza namba hizo zilitoka wapi. Wahandisi walihesabu magari saa yanapokuwa mengi kabisa, mara nyingi kwenye majengo ya pembezoni ambako mabasi ni adimu na kuegesha ni bure. Hesabu ile ikaitwa mahitaji, kisha ikawa sheria. Majengo mapya yakafuata sheria, maegesho yakawa bure kwa kuwa yamezidi, watu wakanunua magari, na waliorudi kuhesabu wakakuta kweli mahitaji ni makubwa. Ni fundi cherehani anayempima mteja aliyevaa makoti matatu, halafu anamwambia amenenepa.

Gari lenyewe si kubwa hivyo. Kisanduku chake Uingereza kwa kawaida ni mita 2.4 kwa 4.8, yaani chini kidogo ya mita za mraba 12. Lakini lazima liingie, ligeuze, litoke. Ukijumlisha njia za kupita na mteremko wa kushukia, kila gari linakula takriban mita za mraba 25 hadi 30. Sasa linganisha: kwa viwango vya Uingereza, fleti ya watu wawili yenye chumba kimoja cha kulala haitakiwi kupungua mita za mraba 50. Magari mawili tu yamekwisha kuchukua nyumba nzima, pamoja na jiko na bafu lake.

Maegesho yakishushwa chini ya ardhi mambo huwa ghali zaidi. Kuna kuchimba, kuta za kuzuia udongo, pampu za maji, mitambo ya kuondoa moshi. Gharama hizo huingia kwenye bei ya kununua au kodi ya kila mwezi, hivyo anayekwenda kazini kwa basi anamchangia jirani mwenye magari mawili bila kuulizwa. Kwa hiyo si kweli kwamba hasara ni ya mjenzi peke yake.

Taasisi ya usafiri ya ITDP ilipochunguza miradi 251 ya Jiji la Mexico ya kati ya 2009 na 2013, ilikuta asilimia 42 ya eneo lililojengwa ni maegesho. Mwaka 2017 jiji likafuta viwango vya chini, yaani idadi ya nafasi ambayo mjenzi alilazimika kuifikia, na kuweka vikomo asivyoruhusiwa kuvipita.

London ilikuwa imetangulia, mwaka 2004. Watafiti Zhan Guo na Shuai Ren walipofuatilia miradi ya miaka iliyofuata, hadi 2010, waliona nafasi mpya zimeshuka kwa takriban asilimia 40. Cha kuvutia ni chanzo cha punguzo hilo: karibu lote lilitokana na kufutwa kwa kiwango cha chini, wala si kuwekwa kwa kikomo. Wajenzi hawakuwa wakiyataka maegesho yale. Waliyajenga ili wapate kibali.

Kama ni hivyo, kikomo cha nini? Utafiti uleule una jibu. Katika maeneo yenye watu wengi zaidi na usafiri bora kabisa, maegesho mapya yalikuwa mengi kuliko maeneo yanayopakana nayo. Kwa maoni yangu haishangazi: katikati ya jiji fleti huuzwa kwa matajiri, na tajiri hununua nafasi ya gari hata kama atalitoa Jumapili tu. Soko likiachwa lenyewe litaweka magari palepale ambapo treni ni nyingi na barabara hazipitiki.

Kikomo nacho hakifanyi kazi bila ulinzi wa barabara. Ndiyo maana katika majengo mengi yasiyo na maegesho wakazi hufungiwa kwa mkataba wasiombe kibali cha kuegesha mtaani. Vinginevyo hofu ya Columbus ingetimia. Wala sifuri si ya kila mahali. London hupima kila eneo kwa umbali wa kutembea hadi kituoni na wingi wa mabasi na treni, kuanzia daraja la 0 hadi 6b, na pembezoni kwenye daraja la 0 au 1 mjenzi anaruhusiwa hadi nafasi 1.5 kwa nyumba.