Kurekebisha mpangilio wa meno na mkutano wa taya: maana yake

Mzazi akisema meno ya mtoto yamepinda, mara nyingi anatazama ya mbele tu. Daktari wa kupanga meno huanzia nyuma. Humwambia mtoto aume, huvuta shavu, kisha huangalia gego la kwanza la juu linakutana vipi na la chini. Gego hilo la kudumu huota karibu na miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Kwa hiyo wengi hudhani ni la utoto na huliacha litoboke.

Mwaka 1899, Mmarekani Edward Angle alilifanya gego hilo kuwa kipimo, na makundi yake matatu yanatumika hadi leo. Katika la kwanza magego yanakutana sawa, ila meno mengine yamebanana au kupishana. Katika la pili magego ya chini yamebaki nyuma, na mara nyingi meno ya juu huchomoza. Katika la tatu ya chini yametangulia mbele.

Kwa kawaida meno ya mbele ya juu hufunika ya chini kwa milimita 2 hadi 4. Yakizidi sana, ya chini huchoma kaakaa. Yasipokutana kabisa, hata kukata andazi ni kazi. Urithi ndio chanzo kikubwa, lakini pia kunyonya kidole kwa miaka mingi, na kung'oa magego ya utoto mapema: la nyuma husogea mbele, na jino linalokuja hukosa njia. Kifaa kidogo cha kushikilia nafasi kingezuia hilo.

Kaakaa likiwa jembamba, hupanuliwa kwa kifaa chenye skrubu. Kila robo mzunguko huongeza takriban milimita 0.25. Hufaa zaidi kabla mshono wa kaakaa, yaani pale nusu mbili za mfupa wake zinapoungana, haujakaza, kwa hiyo utotoni na mwanzoni mwa ujana.

Kwa vyuma vya kawaida, jino husafishwa, hupakwa asidi ya fosforiki ya asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30, huoshwa na kukaushwa mpaka lipauke kama chaki. Ndipo kibati, kipande kidogo kinachoshika waya, hugandishwa kwa gundi inayokazwa na taa ya buluu. Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kuna tatizo la ziada. Maji ya maeneo ya volkano yana floridi nyingi, na watu wengi wamekua na madoa ya kahawia kwenye meno. Gamba la jino la namna hiyo haliliki vizuri na asidi, kwa hiyo vibati hubanduka ovyo. Daktari anayelijua hilo hukwangua uso wa jino kidogo au hurefusha muda wa asidi.

Waya wa kwanza huwa mwembamba na laini. Wa chuma kigumu huja baadaye. Jino likisukumwa, mfupa wa mbele yake huliwa na mwingine hujengwa nyuma yake, kama milimita 1 kwa mwezi. Kukaza zaidi hakuharakishi, bali kunaweza kufupisha mizizi. Hivyo anayekuahidi kazi nzima kwa miezi mitatu, muache. Hesabu miezi 18 hadi 24, na kurudi kliniki kila wiki 4 hadi 8. Ikiwa unajua utahama au barabara itakukatia njia, mwambie daktari kabla hajaanza: waya ulioachwa mdomoni bila kuangaliwa huendelea kuvuta, hata pasipotakiwa.

Muwa, mahindi ya kuchoma na karanga ngumu huvunja vibati. Waya ukichoma shavu, weka nta. Usipopiga mswaki kuzunguka kila kibati, vyuma vikitolewa utabaki na alama nyeupe zisizofutika.

Vyuma vikitoka, meno hutaka kurudi yalikotoka, kwa kuwa nyuzi za ufizi bado zinayavuta. Kifaa cha kuyashikilia huvaliwa mchana na usiku kwa miezi ya kwanza, halafu usiku tu, kwa miaka. Kioshe kwa maji baridi. Ya moto hukipinda kisiingie tena.