RCD kwenye nyumba yenye sola: kitufe cha T hakitoshi

Wiki iliyopita niliitwa Kibaha kuongeza paneli 4 kwenye nyumba yenye inveta ya haibridi (inayotumia paneli, betri na gridi) ya kilowati 5. Kabla sijagusa waya nilimuuliza mama mwenye nyumba kama RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, inafanya kazi. "Fundi, hicho kitufe nakibonyeza kila mwezi," akasema, akabonyeza mbele yangu. Taa zikazimika palepale.

Nikachomeka kwenye soketi ya jikoni kipima RCD, ambacho huvujisha umeme kidogo kutoka laini (waya wenye umeme) kwenda erthi (waya wa ardhini). Umeme wa gridi ukiwepo, RCD ilikata kwa milisekunde 24. Nikazima swichi ya gridi, nyumba ikabaki kwenye betri, nikapima soketi ileile. Kimya, RCD haikukata. Mama akabonyeza kitufe tena: ikakata.

Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. RCD hulinganisha umeme unaotoka kwa laini na unaorudi kwa nyutro (waya wa kurudishia umeme), na tofauti ikifika miliampia 30 lazima ikate. Kitufe cha T, yaani cha kujaribia, hutengeneza tofauti hiyo ndani ya RCD yenyewe, kwa kupitisha umeme kidogo kwenye rezista. Erthi hakiigusi kabisa. Ng'oa erthirodi (chuma cha erthi kilichochimbiwa ardhini) yote, kitufe bado kitakata.

Umeme wa gridi ukiwepo, nyutro imefungwa ardhini kule kwenye transfoma, kwa hiyo umeme uliovuja una njia ya kurudi. Gridi ikikatika, inveta nyingi za aina hii huachia laini na nyutro zote mbili, na nyutro ya nyumba inabaki inaelea, bila kuunganishwa na ardhi. Laini ikigusa bodi ya friji, hakuna kinachovuja wala kinachokata. Friji inaendelea kugandisha na hakuna anayejua. Kisha mtoto mwenye miguu mitupu anashika nyutro iliyo wazi kwenye holda iliyovunjika. Umeme unatoka kwenye bodi ya friji, unapita erthini, unapanda mwilini mwake, unaingia kwenye nyutro na kurudi kupitia RCD ileile. Uliotoka na uliorudi ni sawasawa. RCD haioni kosa lolote, na hili ndilo linaloninyima usingizi.

Dawa yake ni kuunganisha nyutro na erthi upande wa kutokea wa inveta, kabla ya RCD, nyumba inapokuwa kwenye betri tu. Inveta nyingi zina rilei (swichi inayojiendesha yenyewe) ya kazi hiyo, ila mara nyingi lazima uiwashe kwenye mipangilio. Usifunge waya wa kudumu: gridi ikirudi, sehemu ya umeme wa nyutro itapita kwenye erthi.

Angalia pia alama usoni mwa RCD. Wimbi moja tu ni aina AC, na hiyo usiiweke kwenye inveta isiyo na transfoma, kwa sababu umeme wa DC ukivuja kutoka kwenye paneli unaweza kuipofusha. Aina A huvumilia DC hadi miliampia 6. Mimi hufunga aina B, inayotambua hata DC ikivuja, isipokuwa mtengenezaji wa inveta ameandika waziwazi kwamba haihitajiki. Ni ghali, najua.

Pale Kibaha rilei ilikuwepo, imezimwa tangu siku ya kufungwa. Niliiwasha, nikazima gridi, nikapima: milisekunde 26. Nikarudisha gridi, nikahakikisha rilei imeachia, nikapima tena. Ndipo nikapanda juu ya bati na paneli.