Kunasa kwa leza molekuli zilizorushwa na ioni

Mvua za vuli zikianza Tanga, kaa barazani Ngamiani utazame chini ya ukuta. Tone zito likipiga mchanga, chembe huruka na kuganda kwenye chokaa, mpaka ukuta unavaa mkanda wa kahawia unaokaribia goti. Ukiutazama mkanda ule unajua ardhi ya pale ni ya namna gani, na hujachimba.

Maabara nako ni hivyohivyo, ila tone lenyewe ni ioni, yaani atomi iliyopungukiwa au kuzidishiwa elektroni, na kazi hufanyika ndani ya chombo kilichonyonywa hewa. Ioni za agoni au galiamu huongezwa mwendo kwa maelfu ya volti, zinagonga sampuli, na atomi na molekuli za tabaka la juu kabisa zinaruka.

Mpwa wangu anayesoma kemia aliniuliza: "Mjomba, zikisharuka si zipimwe tu? Leza ya nini?"

Tatizo ni kwamba karibu zote huruka bila chaji. Kwa vitu vingi, zenye chaji hazifiki hata 1 kati ya 100, na mtambo wa kupima masi, yaani uzito wa chembe, hushika chenye chaji tu. Kisicho na chaji umeme haukivuti wala haukisukumi. Tena uchache ni nusu ya shida. Mimi naona udanganyifu ndio mbaya zaidi. Chuma chenye kutu hutoa ioni nyingi mno kuliko chuma kilekile kikiwa safi, kwa kuwa oksijeni ya kutu hurahisisha chembe kuondoka na chaji. Ukihesabu ioni peke yake, utaapa kwamba chuma kimeongezeka.

Basi wataalamu wanasubiri. Sampuli hupigwa kwa mpigo mfupi wa ioni, wingu linapaa, na takriban sehemu ya milioni ya sekunde baadaye mwali wa leza unapita juu ya sampuli, bila kuigusa (hapa wengi huchanganya), ukizing'oa elektroni molekuli zilizomo katika wingu lile. Sasa zina chaji. Becker na Gillen walieleza njia ya namna hii huko Marekani mwaka 1984.

Kuzitambua ni mbio za baiskeli, na Tanga baiskeli hatuulizani. Wasukume kwa nguvu sawa mtu mwenye baiskeli tupu na mwenye tenga la madafu: mwepesi atatangulia. Ioni nazo husukumwa na umeme uleule, na muda wa kufika kwenye kipokezi ndio unaotaja masi.

Leza yenyewe huchaguliwa kwa makini. Mwanga wa nanomita 118 una elektronivolti (kipimo cha nishati) 10.5 kwa kila fotoni, yaani kila chembe ya mwanga. Benzini huhitaji 9.2 hivi ili ing'olewe elektroni, kwa hiyo inashikwa. Maji huhitaji 12.6, kwa hiyo mvuke uliobaki chomboni hausumbui. Mwali mkali kupita kiasi, wa kung'oa elektroni kwa fotoni nyingi kwa pamoja, huipasua molekuli vipande, na kujua vipande vilitoka wapi ni kazi ya kuumiza kichwa. Ioni nayo huvunja mapema, inapogonga. Ndiyo maana maabara nyingine hupiga sampuli kwa mpira wa atomi 60 za kaboni: pigo linasambaa, na molekuli nyingi zaidi hupaa nzima kabla leza haijazifikia.