Je, wajua? Imekuwaje binti wa jenerali akazaa ukoo wa wafalme wa Uingereza na Hispania?

Charles III wa Uingereza na Felipe VI wa Hispania wote ni uzao wa Julia Hauke, mwanamke ambaye enzi zake hakuhesabiwa kuwa anastahili kuolewa na mwanamfalme, sembuse kuzaa wafalme. Charles ni kilembwe chake. Felipe yuko kizazi kimoja chini zaidi.

Julia alizaliwa Warsaw mwaka 1825. Baba yake, Jan Maurycy Hauke, alikuwa askari wa asili ya Kijerumani aliyepanda vyeo kwa jasho lake katika jeshi la Poland, hata akawa jenerali na naibu waziri wa vita wakati nchi hiyo iko chini ya Urusi. Upande wa mama, babu yake alikuwa daktari wa jeshi. Cheo cha Graf, yaani cheo cha kikabaila, walikipata mwaka 1829 kwa hisani ya Tsar Nicholas I, mfalme wa Urusi. Ukabaila wenyewe ulikuwa mbichi kuliko mtoto.

Usiku wa tarehe 29 Novemba 1830, wanafunzi wa chuo cha maofisa mjini Warsaw waliasi dhidi ya Urusi. Hauke alibaki mtiifu kwa Tsar, na vijana wale wakamuua kwa risasi barabarani. Mkewe hakukaa sana, naye akafariki kwa mshtuko. Watoto wakachukuliwa chini ya ulezi wa Tsar, na hivyo ndivyo yatima wa miaka mitano alivyopata njia ya kuingia kasri la St Petersburg. Alipokua akawa mwandani wa Maria, mke wa mrithi wa kiti cha Urusi.

Maria alikuwa na kaka, Mwanamfalme Alexander wa Hesse, Ujerumani. Akampenda Julia, na Tsar akakataa katakata. Wawili hao wakaondoka Urusi, wakafunga ndoa Breslau tarehe 28 Oktoba 1851.

Hapo ndipo sheria za koo za Kijerumani zilipowabana. Mwanamfalme aliyeoa chini ya hadhi yake alifunga kile walichokiita ndoa ya mkono wa kushoto: ni halali kanisani na mbele ya sheria, lakini mke hapati cheo cha mume, na watoto hawarithi kiti. Ndugu wa Alexander, aliyekuwa mtawala wa Hesse, akamtafutia shemeji yake jina la kando, Battenberg, mji mdogo ambao ukoo wa mabwana wake ulikuwa umekwisha tangu karne ya 14. Mwaka 1858 akampandisha kuwa binti mfalme wa Battenberg, ila mlango wa kurithi Hesse ukabaki umefungwa. Cha kuchekesha ni kwamba watu wa Hesse walikuwa wakinong'ona kuwa Alexander mwenyewe si damu ya baba aliyemlea. Lakini baba alishamkubali, na karatasi ndizo zilizohesabiwa.

Kufungiwa huko ndiko kulikowafungulia wana wa Julia. Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na cha kurithi, wakatoka kutafuta riziki. Alexander mdogo akachaguliwa mtawala wa Bulgaria mwaka 1879. Louis alijiunga na jeshi la majini la Uingereza mwaka 1868, akafika hadi kuliongoza. Henry akamwoa Beatrice, kitinda mimba wa Malkia Victoria, mwaka 1885. Watawala wa Prussia, dola kubwa la Kijerumani, walikunja pua kwa damu ya akina Battenberg. Uingereza haikuwa na sheria ya kumlazimisha mwanamfalme aoe wa hadhi yake. Idhini ya malkia ilitosha, na Victoria akaitoa, kwa sharti tu kwamba bibi na bwana waishi naye. Kwa maoni yangu, jibu la swali letu limelala hapo.

Louis naye alimwoa mjukuu wa Victoria. Vita ya kwanza ya dunia ilipopamba moto, jina la Kijerumani likawa mzigo, na mwaka 1917 akaligeuza kuwa Mountbatten. Binti yake Alice aliolewa Ugiriki, akamzaa Philip mwaka 1921, huyo aliyemwoa Elizabeth na kumzaa Charles. Wasomaji wa pwani huenda wanamkumbuka: kitukuu huyu wa Julia ndiye aliyemwakilisha malkia Zanzibar ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na Kenya siku mbili baadaye.

Tawi la Hispania linatoka kwa Henry. Yeye alifia baharini karibu na Sierra Leone mwaka 1896, kwa malaria aliyoipata katika vita vya Waingereza dhidi ya ufalme wa Asante, katika Ghana ya leo. Binti yake, Victoria Eugenie, aliolewa na Mfalme Alfonso XIII mwaka 1906, na bomu likarushiwa msafara wa harusi. Wana wao wawili walizaliwa na ugonjwa wa damu kutoganda, na wote walikufa kwa kuvuja damu baada ya ajali za gari. Ugonjwa huo haukutoka kwa binti wa jenerali; ulitoka kwa Malkia Victoria, upande wa damu iliyosifiwa. Mwana mwingine, Juan, hakuwa nao, naye ndiye babu wa Felipe VI.