Saa Kwanza, Njia Baadaye: Kukimbia Mombasa Kuanzia Ngomeni

Kila wiki napokea ujumbe wa aina moja: "Kocha, nakuja Mombasa, nipe njia nzuri ya kilomita 10." Nami hujibu kwa swali: utatoka saa ngapi? Akiniambia saa mbili asubuhi simpi njia, nampa pole.

Nafundisha wakimbiaji wa kawaida hapa kisiwani, watu wa ofisi, walimu, kina mama wanaotaka kupunguza sukari. Bara watu huchagua njia kwa urefu na vilima. Kwetu huchagui njia mpaka ujue jua liko wapi, maji yamejaa au yamepwa, upepo ni kusi (wa kutoka kusini) au kaskazi (wa kutoka kaskazini), na watu wako wapi saa hiyo. Njia ile ile iliyo tamu saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa mbili baadaye ni adhabu.

Tuanze Ngomeni, maana karibu kila mgeni huanzia hapo. Ngome hiyo, Fort Jesus, ilianzwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na Waomani walipoizingira mwaka 1696 iliwachukua miezi 33 kuitwaa. Mimi ukuta huo nautumia kwa kazi ndogo tu: kupasha misuli moto nikiwa nimekingwa upepo wa bahari. Dakika kumi za kutembea haraka chini ya mawe yale ya matumbawe, nyonga zikalainika, ndipo naingia Ndia Kuu. (Ndia ni njia kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Wageni wengi hudhani ni jina la mtu.)

Mji wa Kale ukimbiwe alfajiri, watu wanapotoka msikitini. Kabla ya hapo ni giza mno, na baada ya saa moja mikokoteni, tuktuk na watoto wa shule wamekwisha kuichukua njia. Mzunguko wangu unapita Ndia Kuu hadi Bandari ya Kale, unauona mnara wa Msikiti wa Mandhry, ule uliochongoka, kisha unarudi kwa vichochoro vya ndani. Ni kama kilomita 2 na hauna mwendo wa kasi. Kabro za pale, yale matofali yaliyotandikwa njiani, hulowa umande na kuteleza, hasa miezi ya mvua, mitaro mingine haina vifuniko, na kwenye kona huoni bodaboda mpaka akufikie. Mimi kila kona napunguza mwendo na kupiga kofi moja. Saa ya mkononi nayo usiitegemee, kwa sababu kuta zimebanana na roshani zimefunika juu, kwa hiyo mawimbi ya setilaiti yanayumba. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuambiwa na saa yake kwamba amekimbia kilomita moja kwa dakika mbili na nusu. Alifurahi sana. Nilimwacha afurahi mpaka tulipofika kahawani.

Na usalimie. Wazee wanakaa barazani na vikombe vyao vya kahawa tungu, nawe unapita mbio kwenye mlango wa mtu. Siku zangu za mwanzo mzee mmoja aliniita nikasimama. "Mwanangu, wakimbizwa nani?" "Sikimbizwi, babu, nafanya zoezi." Akanitazama toka viatu hadi kichwa. "Basi salamu haikupunguzii zoezi." Tangu siku hiyo natoa salamu kila baraza, na nimegundua ina faida ya kitaalamu: ukishindwa kutamka "asalaam aleikum" kamili bila kukatika pumzi, unakimbia kasi mno kwa mazoezi ya kawaida. Mavazi pia yawe ya heshima, suruali ya kupita goti na fulana yenye mikono. Wanaume, hilo linawahusu pia.

Ukitaka kunyoosha miguu, toka Ngomeni uelekee kusini hadi barabara ya Mama Ngina, au Laithausi kama wenyewe tunavyopaita, kisha ufuate bahari hadi karibu na kivuko cha Likoni. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 7 au 8. Upande wa Ikulu pita kimya, simu iwe mfukoni. Mibuyu ya pale ni mikongwe, bahari iko wazi, na tangu eneo litengenezwe upya mwaka 2019 kuna nafasi ya kutosha kwa miguu. Kasoro yake ni sakafu: ni ngumu kote, na anayeikimbia kila siku magoti yatamwambia. Mara mbili kwa wiki zinatosha. Geuka kabla hujafika kivukoni, kwa sababu asubuhi umati unaotoka Likoni unakuja kama maji ya bamvua (siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapojaa na kupwa sana) na wewe utakuwa unakwenda kinyume chake. Jioni pale ni pa mihogo, madafu na familia. Usilete saa yako ya kupima mwendo, njoo ule.

Kando ya barabara hiyo, kwenye uwanja wa gofu, ndipo yalipofanyika mashindano ya dunia ya mbio za nyika Machi 24, 2007. Nawasimulia wanafunzi wangu mara kwa mara. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hajashindwa katika mashindano hayo tangu 2001, aliacha mbio katika mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Wanariadha wengi walidondoka njiani. Kama joto la Mombasa la mwezi wa tatu lilimsimamisha Bekele, wewe uliyetua jana kutoka Nairobi utaliambia nini?

Sababu yenyewe si joto tupu. Mwili hupoa jasho linapokauka juu ya ngozi. Hapa hewa imeshiba unyevu, jasho halikauki, linachuruzika tu hadi viatuni. Unapoteza maji na chumvi na hupoi. Moyo unalazimika kusukuma damu kwenye misuli na kwenye ngozi kwa wakati mmoja, na mapigo yanapanda hata kama mwendo haujabadilika. Kwa hiyo mgeni namwambia asahau mwendo wake wa bara kwa siku kumi hadi kumi na nne, mwili uzoee. Hapo ndipo upepo unapokuwa na maana. Vitabu vingi husema anza kwa kupingana na upepo, urudi ukisukumwa nao. Kwetu mimi nafundisha kinyume: upepo ukija kwa nyuma kwa kasi sawa na yako, ni kama hakuna upepo kabisa, na hilo lisikukute jua likiwa limepanda. Basi wakati wa kusi anza kuelekea kaskazini kungali giza, urudi upepo ukikupiga kifuani. Wakati wa kaskazi, geuza.

Ushauri huo unafaa zaidi ufukweni. Kutoka kisiwani unavuka daraja la Nyali (pita upande wa waendao kwa miguu, usipambane na matatu), na baada ya hapo una mchanga wa Nyali kuelekea Bamburi. Mchanga ukiwa umetoka tu majini huwa mgumu kiasi kizuri, ni sakafu bora kuliko lami. Lakini ufukwe una mwenyewe, naye ni mwezi.

Wengi hudhani bamvua ndiyo wakati wa kukimbia ufukweni, kwa sababu maji hupwa mbali sana. Kweli hupwa, lakini hapa Mombasa siku za bamvua maji hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa mwendo wa saa nne. Ule mchanga mpana unaupata jua likiwa utosini. Kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo siku nzuri za alfajiri ni zile mbili tatu zinazofuata maji mafu (siku za nusu mwezi, maji yasipojaa wala kupwa sana), maji yanapopwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja. Muulize mvuvi yeyote, hana haja ya jedwali.

Mimi sikuuliza. Siku tatu baada ya bamvua nilijiambia bamvua imekwisha, nikatoka saa kumi na moja kasoro, mchanga ukiwepo. Nilipogeuka kurudi, bahari ilikuwa inapiga ukuta wa hoteli moja na mimi niko kati. Maji yalinifika kiunoni, viatu vikawa mawe. Nikapanda ngazi za kwanza nilizoziona, na tochi ikaniwakia usoni.

"Weye watoka wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani baharini?"

Yule askari alinipitisha nyuma ya jikoni, mahamri yakipikwa, nikiacha michirizi ya maji sakafuni. Mpishi hakusema kitu, alinipa moja kwenye karatasi.

Anayechoka na bahari aende Bamburi, kwenye msitu uliooteshwa ndani ya machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji. Kazi hiyo aliianza René Haller mwaka 1971 kwa kupanda mivinje juu ya mwamba mtupu, kisha akaleta majongoo ili wale majani makavu na kuyageuza udongo. Kivuli ni cha kweli na ardhi ni laini. Hapo tu ndipo namruhusu mtu kukimbia saa tatu asubuhi.

Mashambani napeleka kikundi mara moja kwa mwezi, Mazeras hadi Rabai na kurudi. Ni dawa ya mtu wa kisiwani ambaye kilima anachokijua ni daraja. Njia inapanda na kushuka kati ya minazi na mikorosho, na alfajiri utawakuta wagema juu ya minazi na vibuyu vyao. Rabai ndipo wamishonari Krapf na Rebmann walipoanzisha misheni yao mwaka 1846. Msitu mzito utakaouona si wa kukimbia. Hizo ni kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zimo katika urithi wa dunia tangu 2008, na haziingiwi bila idhini ya wazee. Hata ukiona kijia kizuri kimeingia ndani, pita kando.

Kilima cha mwisho kabla ya kufika Mazeras tupande kwa kutembea. Wapo wanaoona haya. Basi wakimbie, watatukuta chini ya mnazi na dafu la pili mkononi, wao wakiwa bado wameinama wakishika magoti.