Sabuni ndani ya bomba la wima

Tangu kazi za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, zifike Chongoleani, vijana wa hapa Tanga wananiuliza sana habari za mabomba. Lile lina urefu wa kilomita 1,443, na sehemu kubwa limelala ardhini. Mimi naona utamu wa fani hii uko kwenye bomba lililosimama, pale gesi na maji vinapopanda pamoja.

Kisima cha gesi kikiwa kichanga, gesi hupita kwa kasi katikati ya bomba, na maji hupanda yakiwa utando mwembamba ukutani, mengine yakibebwa kama matone. Miaka ikipita presha hushuka, kasi hupungua. Utando unanenepa, unasita, unaanza kuporomoka. Maji yakijaa chini huibana gesi kwa uzito wake, na kisima huweza kuzimika ilhali gesi bado imo.

Hapo ndipo huingizwa sarfaktanti, yaani dawa za jamii ya sabuni. Molekuli yake ina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia, kwa hiyo hujipanga pale maji yanapokutana na gesi. Mvutano wa uso wa maji, yaani ile nguvu inayoufanya uso wa maji ujikaze kama ngozi, ambao kwa nyuzi 25 za Selsiasi ni milinyutoni 72 hivi kwa mita, huweza kushuka hadi karibu 30. Wengi huishia kwenye hesabu hiyo, lakini kazi kubwa hufanywa na povu.

Simamisha bomba la plastiki linaloonyesha ndani, upitishe hewa ya kompresa na maji kidogo kutoka chini. Punguza hewa taratibu. Utaona mawimbi yakipanda, yakisimama, yakirudi kwa kishindo mpaka bomba litikisike. Sasa tia sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Utando unageuka povu jeupe, unavimba na kuibania hewa njia. Hewa inalisukuma povu hilo jepesi kwenda juu, na kule kuporomoka kunatulia bila kuongeza hewa hata kidogo.

Hewa ikiwa kali tangu mwanzo, povu hilohilo ni hasara tupu: linaongeza msuguano na kula presha. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaodhani dawa ikizidi ndiyo bora. Tena mafuta mepesi yanayotoka na gesi huvunja povu, na chumvi nayo huzidhoofisha baadhi ya dawa. Kabla ya kuagiza hata pipa moja, chukua maji ya kisima chenyewe pamoja na mafuta yake, yapashe joto, tia dawa, pitisha gesi, uangalie povu linadumu kwa muda gani.